Hublo ya Tatu Huingia na Taji

“Mama Bruno, hii bia unaipika na hasira ya nani?”

Swali hilo aliniuliza Ernestine, jirani yangu, amesimama mlangoni mwa jiko na kikombe mkononi, miezi mitatu baada ya kumzika mume wangu. Ernestine anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, na hana desturi ya kufunika neno. Alikuwa amekunywa nusu. Ile nusu nyingine aliiweka dirishani, akajipangusa mdomo kwa pembe ya kitenge.

“Iko chungu?” nikamwuliza.

“Chungu ni neno dogo, dada. Imenifunga ulimi. Na harufu iko wapi? Zamani nilikuwa najua mko mnapika nikiwa bado kule kwa barabara. Leo nimeingia mpaka ndani, nimenusa moshi tu.”

Nikamwambia sina hasira na mtu. Nikamwambia labda kimea kiliungua kidogo wakati wa kukikausha. Akaniangalia namna anavyoangalia samaki wa mwuzaji mwingine, akasema, “Sawa, Mama Bruno,” akaenda zake. Nikabaki na kikombe. Nilionja mwenyewe. Alisema kweli.

Nieleze kwanza ni bia gani, maana watu wakisikia bia ya nyumbani huku kwetu Uvira wanafikiri kasiksi ya ndizi. Yetu haikuwa ya ndizi. Mume wangu Cyprien, ambaye wote tulimwita Baba Bruno, alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha bia ng’ambo ya mpaka, kwenye chumba cha kuchemshia. Alipopumzishwa alirudi kwetu, mtaa wa Songo, na mikono yake haikujua kukaa. Akaanza kupika uani, bidoni mbili, yaani madumu mawili, kwa mara moja, kwa mtama ulioota na mchele kidogo ambao kaka yake alituletea kutoka Bwegera. Haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya ubatizo, ya mahari, ya watu wa shirika letu la kanisa wakimaliza kazi ya pamoja.

Kilichoifanya iwe bia ni hublo. Hayo ni maua ya mmea usioota huku, yanakaushwa, yanashindiliwa mpaka yanakuwa chembe ndogo za kijani kama chakula cha sungura. Rafiki yake wa kiwandani, Nzeyimana, alikuwa akituletea mfuko mmoja kila mwaka. Kwa Baba Bruno, kazi yote ilikuwa kujua wakati wa kuitia. Maji ya kimea yanachemka saa nzima. Hublo unayotia mwanzo inachemka mpaka mwisho na inatoa uchungu, na uchungu ni lazima, bila huo unakunywa uji. Unayotia zikibaki dakika ishirini inaacha ladha. Ya tatu unaitia zikibaki dakika nne tu, na hiyo kazi yake ni harufu, basi. Ukiiacha ichemke zaidi, harufu inapanda na mvuke inakwenda kwa majirani, na wewe unabaki na uchungu mtupu ndani ya sufuria.

Alikuwa anapima kwa saa yake ya mkono. Siku moja ile saa ikafa katikati ya kupika. Akawa anaitikisa, anaipiga kofi, na mimi niko kando ya moto nasali rozari yangu kama kawaida. Nilipomaliza akanigeukia.

“Umetumia muda gani?”

“Muda wa rozari.”

“Dakika ngapi?”

“Minye mwenyewe nitajua wapi? Uliza hiyo saa yako.”

Siku iliyofuata aliazima saa ya Ernestine, akaweka kiti mbele yangu, akanipima. Alinipima wiki nzima. Kila rozari niliyosali iliisha kwa dakika ishirini, ikizidi kidogo au ikipungua kidogo. Hakununua saa nyingine. Hata simu ilipoingia nyumbani alisema simu inazimika, Mama Bruno hazimiki.

Rozari tatu, saa moja. Mafumbo ya furaha, mafumbo ya uchungu, mafumbo ya utukufu. Akaipanga hublo yake humo ndani: ya kwanza inaingia na Malaika Gabrieli, ya pili inaingia na Ufufuko, ya tatu inaingia na Taji, yaani fumbo la mwisho kabisa, pale Bikira Maria anapovikwa taji mbinguni. Nikikaribia hapo, alinyanyuka kwenye kiti na hublo kiganjani, akasimama kama mtu anayengoja kukomunika. Nikianza Baba Yetu ya lile fumbo, alitia. Nikisema Salamu Malkia, alishika sufuria upande wake, mimi upande wangu, tukaitoa motoni. Tulipika hivyo miaka kumi na moja. “Usiruke hata Salamu Maria moja, Mama Bruno,” alinitania. “Mungu atakusamehe, bia haitakusamehe.”

Sasa niseme habari ya Bruno.

Bruno ni mtoto wetu wa kwanza, seremala, anaishi Baraka. Miaka minne kabla baba yake hajafa, aliokoka, akaingia katika kanisa ambalo kwao pombe ni dhambi bila mazungumzo. Sidharau dini ya mtu. Mwanangu alikuwa amepata Mungu kwa njia yake, na nilimwona amebadilika, ametulia, ameacha kufuata vijana wabaya. Lakini kuokoka kwake kulikuwa bado kwa moto.

Alikuja kwa ajili ya mahari ya dada yake, Victoire. Tulikuwa tumepika bia ya siku hiyo, bidoni mbili, na zilikuwa tayari. Jumapili asubuhi, siku moja kabla ya wageni, tulikwenda Misa, Bruno akabaki nyumbani. Wakati wa kurudi tulianza kunusa tangu barabarani. Baba Bruno akaharakisha mwendo. Tulimkuta Bruno amekaa kwenye ngazi ya mlango. Bidoni zote mbili zilikuwa zimelala ubavu, na bia imemwagika uwanjani, kati ya mlango na mti wa ndimu, povu bado linapasuka juu ya udongo.

“Nimefanya sababu yako, Baba,” akasema Bruno. “Nisikuone umepotea.”

Baba yake hakumpiga, hakumtukana. Alivua viatu vya Misa, akaingia na miguu mitupu kwenye lile tope, akainama, akachota kidogo kwa kiganja, akanusa. Alikaa ameinama hivyo. Halafu akasema, “Hii njo ilikuwa yenyewe,” yaani hii ndiyo aliyoitafuta miaka yote. Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Bruno aliondoka mchana ule ule na lori la Baraka. Harufu ilikaa uwanjani siku tatu. Waliopita waliuliza kama tuna sherehe.

Hawakuongea tena. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na mimi nilikuwa katikati nikibeba salamu ambazo hakuna aliyezituma. Baba Bruno alipougua nilimpigia Bruno simu. Alisema atafika Jumamosi, akimaliza milango ya watu. Baba yake akafa Alhamisi. Bruno alifika makaburini wakati wanasawazisha udongo kwa koleo.

Katika ukoo wa mume wangu kuna jambo moja wanalolishika. Mwaka ukiisha, siku ya kuondoa kilio, mtoto wa kwanza anakunywa kwanza, kwa kikombe cha baba yake, pombe iliyopikwa katika nyumba ile. Mafunda matatu tu. Akinywa, yeye ndiye mwenye nyumba. Asipokunywa, kikombe kinarudi kwa ndugu za baba, na yule mtoto hahesabiwi tena. Kaka mkubwa wa mume wangu, Mzee Bertrand wa Bwegera, alinikumbusha pale pale kwenye mazishi, kaburi likiwa bichi. “Shemeji, mwaka si mrefu. Tayarisha bia, na tayarisha mutoto.”

Mtoto nilianza naye mapema. Bia nilifikiri naijua.

Baada ya swali la Ernestine nilipika tena, nikapunguza hublo. Ikatoka chungu vilevile, na nyembamba juu yake. Nikapika ya ubatizo wa mtoto wa Victoire, nikabadilisha mtama. Watu wa shirika walikunywa kwa adabu. Mmoja aliniambia inasaidia tumbo. Hublo ikabaki pakiti moja tu, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nzeyimana alikuwa amehamia kwa watoto wake mbali, na njia ya mpaka ilikuwa imekuwa ya shida. Nilikuwa nafungua kile kifuniko, naangalia, nafunga.

Jibu nililipata kwa makala, makaa ya kupikia. Wakati wa Baba Bruno nilijaza mbabula, jiko letu la makaa, mara moja, makala yakatosha rozari zote tatu, na tukitoa sufuria yanabaki mekundu kidogo, ya kuchomea kiazi. Siku nilipopika kwa ajili ya ubatizo niliongeza makala katikati. Nilipofika fumbo la mwisho niliongeza tena. Nilikuwa nimeshika kipande cha makala hewani, na mdomo unasema: Bwana, mpe Cyprien pumziko la milele. Nikanyamaza. Nikahesabu nyuma.

Tangu mazishi nilikuwa nimeweka ombi hilo mwisho wa kila fumbo. Halafu, bila kuamua, nikaanza kuliweka katikati. Kwenye fumbo la Taji, pale alipokuwa anasimama na hublo kiganjani, nilikuwa naliweka baada ya kila Salamu Maria, kumi zote, na kati ya moja na nyingine nilikuwa nakaa kimya nikiangalia upande wake wa sufuria. Nilimwita Victoire anipime na simu yake, bila moto. Rozari yangu ilikuwa dakika ishirini na sita. Ile ya utukufu, thelathini na moja. Fumbo la Taji peke yake, dakika kumi na mbili.

Victoire aliangalia simu, akaniangalia. “Mama,” akasema, “uko unamchemsha Baba.”

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka.

Nilikwenda kwa Padri. Nilitaka kujua kama ni dhambi kuacha kumwombea marehemu kwa sababu ya bia. Padri wetu ni mtu wa kupenda kuchezesha maneno, alikuwa amekunywa kwetu mara nyingi. Akasema, “Mama Geneviève, mwombee kabla hujawasha moto. Mwombee ukishazima. Saa moja katikati, mwachie Bwana amtunze bila kukumbushwa.”

Nilisema asante. Ilikuwa rahisi kwake kusema.

Jumapili hiyo nilimpigia Bruno.

“Mwaka unaisha tarehe kumi na nane, mwanangu. Baba yako mkubwa atakuwepo. Kikombe iko hapa.”

Nilisikia msumeno nyuma yake, halafu ukanyamaza, ametoka nje.

“Nimeongea na mchungaji wangu, Mama,” akasema. “Amesema niheshimu mama yangu. Nitakuja. Nitakunywa hayo mafunda matatu, sababu yako.”

“Hutakunywa sababu yangu. Ni sababu ya nyumba.”

“Mama Ernestine aliniambia bia yako iko chungu siku hizi.”

“Ernestine anasema sana.”

“Iwe chungu, ni vizuri. Nitaimeza kama kinini. Nikiwa mutoto ulinishika pua, nikameza. Hata sasa nitameza.”

Niliweka simu chini nikapiga magoti. Nilishukuru kwa muda mrefu. Yale maneno ya kinini, dawa chungu ya malaria, niliyapokea kama mzaha wa mtoto anayerudi. Nikajisemea moyoni kwamba sitampa kinini. Nitampa bia ya baba yake, ile yenyewe, ajue alichokuwa anakipika yule mzee kwa mikono yake, na ajue haikuwa ulevi.

Nilipika wiki tatu kabla ya siku, asubuhi, baada ya Misa. Niliomba kwanza kwa ajili ya Cyprien, maombi yote niliyonayo, mpaka magoti yakauma. Halafu nikawasha. Maji ya kimea yalipoanza kupanda nikatia hublo ya kwanza, nikashika rozari, nikamwita Malaika Gabrieli.

Sikujua kwamba kunyamaza ni kazi hivi. Kila mwisho wa fumbo ulimi ulikuwa unakwenda wenyewe mahali palipozoea, nikauuma. Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba, fumbo linalofuata. Katika mafumbo ya uchungu, pale Bwana anapobeba msalaba, jina la mume wangu lilifika mpaka kwenye meno. Nililirudisha. Niliona kama nimemfungia mtu mlango wakati yuko nje na mvua. Sufuria ilikuwa inatokota, povu linapanda na kushuka, na mimi natembea na maneno mwendo ule ule, kama mwanamke ambaye bwana wake yuko hai na amekaa pale kwenye kiti.

Ufufuko. Nikatia ya pili. Kupaa. Roho Mtakatifu. Maria kupalizwa. Nilichukua hublo ya mwisho kiganjani, nikasimama, maana mtu alitakiwa kusimama. Baba Yetu. Nikatia.

Zile Salamu Maria kumi nilizisema bila kuangalia upande wake. Victoire alikuwa amekuja kunisaidia kutoa sufuria, akashika masikio ya upande ule, na niliposema Salamu Malkia tukainua pamoja. Makala yalikuwa yamebaki mekundu kidogo, ya kuchomea kiazi.

Halafu harufu ikaja. Kama majani yaliyokatwa sasa hivi, na ngozi ya ndimu, na kitu kingine ambacho sina jina lake. Victoire aliacha mshiko, akafunika uso kwa khanga. Mimi nilikaa chini kwenye kile kiti. Saa nzima sikuwa nimemwombea hata neno moja, na alikuwa amejaa uwanjani pote.

Tarehe kumi na nane ilikuwa Jumamosi. Asubuhi tulipata Misa. Nikavua nguo nyeusi, Ernestine akanivalisha kitenge kipya, akanikaza kiunoni kama ananifunga mzigo. “Umepungua,” akasema, “lakini bado unabeba kitenge vizuri.” Watu walikaa uwanjani, watu wa shirika, majirani, ndugu wa Bwegera. Bruno alifika na begi dogo begani, shati limepigwa pasi, nywele zimeanza mvi pembeni kama za baba yake. Alinikumbatia akakaa hivyo muda. Alimsalimu baba yake mkubwa kwa mikono miwili, ameinama. Niliona Mzee Bertrand amependa.

“Miaka tano unakunywa Fanta tu,” Mzee Bertrand akamwambia mbele ya wote. “Tumbo yako itakuwa imepata kutu.”

“Itasafishwa leo, Baba Mkubwa.”

Watu wakacheka, na Bruno alicheka nao. Nilimwangalia akicheka na nikafikiri, Bwana, umenisikia. Alikuwa amewekewa kiti mbele ya mlango, karibu na ile ngazi. Kikombe cha baba yake, cha bati, rangi imebanduka kwenye ukingo, kilikuwa juu ya meza ndogo. Mzee Bertrand akasimama, akasema maneno machache juu ya ndugu yake, kazi yake, watoto wake. Akasema, “Mwenye nyumba alikwenda. Leo nyumba inapata mwenyewe.” Akanipa ishara.

Nilifungua bidoni nikamimina mwenyewe. Povu likapanda jeupe. Harufu ikatoka kabla kikombe hakijajaa, ikatembea kwenye uwanja, na watu walioanza kuongea wakageuza vichwa mmoja mmoja. Ernestine alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

“Hee,” akasema. “Leo Mama Bruno amesamehe mutu.”

Nilimpa Bruno kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Alikuwa amejikaza uso, midomo imebana, tayari kwa kitu kibaya. Akakiinua. Kikafika kidevuni, kikasimama hapo.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Niliona pua yake inafunguka. Niliona macho yake yanatoka kwenye kikombe, yanakwenda chini, kwenye udongo kati ya mlango na mti wa ndimu, yanabaki pale. Hakuna kitu pale. Ni udongo tu, umefagiliwa, watu wameweka viti juu yake. Lakini niliona anachokiona: baba yake ameinama kwenye lile tope.

“Kunywa, mutoto,” Mzee Bertrand akasema taratibu. “Mafunda tatu. Funga macho.”

“Macho si shida, Baba Mkubwa.”

“Sasa shida ni nini?”

Bruno alinigeukia mimi. “Mama, umeipika sawa na ile.”

“Niliipika kama ya baba yako.”

“Njo ile. Njo ile yenyewe.” Sauti yake ilikuwa ndogo, waliokaa nyuma hawakusikia. “Nilijitayarisha na uchungu, Mama. Njia yote kutoka Baraka nilikuwa natayarisha uchungu. Ingekuwa chungu ningemeza.”

“Bruno. Baba yako hakuwa na hasira. Siku ile alisema…”

“Najua alisema nini. Nilikuwa kwenye ngazi.”

Mzee Bertrand alisogea karibu. Hakuwa anamtisha, namjua, uso wake ulikuwa wa mtu anayemwomba mtoto asitoke njiani gari likija. “Ukiweka chini hicho kikombe,” akasema, “minye sina namna. Iko inarudi Bwegera na minye. Unajua.”

“Najua, Baba Mkubwa.”

Alijaribu tena. Naapa alijaribu. Alikiinua mpaka ukingo ukagusa mdomo wa chini, na hakikuinama zaidi. Povu likamshika kwenye masharubu. Hapo nikaelewa nilichofanya. Ningemwombea Baba Bruno kama nilivyozoea, kila baada ya Salamu Maria, taratibu, nikiangalia upande wake wa sufuria, harufu ingepanda na mvuke ikaenda kwa majirani, na mtoto wake angekunywa.



Bruno alikishusha kikombe mezani polepole, kwa mikono miwili, akikiangalia sana, ili lisimwagike hata tone. Halikumwagika. Alijipangusa masharubu kwa mkono wa shati. Akachukua begi lake. Watu walivuta miguu apate njia, na alipofika pale kati ya mlango na mti wa ndimu hakupita katikati, ingawa ndipo njia ilipokuwa. Alizunguka, akafuata ukuta, mgongo ukigusa matofali, kama mtu anayempita mwenzake aliyelala asimwamshe, akafungua mlango wa uwanja, akatoka.